Funga Mrango

Fundi wa lipu alikuwa na mkono mtiifu na ulimi mkaidi. Mkono ukiambiwa unyooshe ukuta, ukuta unanyooka. Ulimi ulikataa katakata kutamka herufi L. Mwenyewe alijiita fundi ripu, na alivyotamka ndivyo alivyoandika. Mlango wa jikoni kwake ulikuwa na maandishi yake makubwa ya rangi nyeusi: FUNGA MRANGO, KUKU WANAINGIA. Kuku wenyewe walishaliwa zamani. Mkewe alikwishapaka rangi mlango ule mara tatu, na mara zote tatu akayakwepa yale maandishi. Ukimuuliza, anakwambia rangi haikutosha.

Sasa, ndoa yao ilikuwa na mwiba mmoja. Miaka ishirini na miwili nyuma, fundi alikwenda kukarabati nyumba za barabara kuu ya mji mkongwe, akakaa huko miezi tisa. Barua mbili, basi. Mkewe akahesabu ile miezi kwa vidole, na kila mwanamke anajua miezi tisa inatosha kwa shughuli gani. Hakugomba. Akawa tu anasema, "Huko ulikokuwa." Chumvi ikizidi, huko ulikokuwa walipika vizuri. Shati likichanika, huko ulikokuwa walishona. Fundi ilimuuma kweli, kwa sababu huko alikokuwa hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na chokaa na mafua.

Mwaka huu, wiki ya Krismasi, akachoka. "Twende ukaone kazi," akamwambia mkewe. "Ukuta haudanganyi."

Wakapanda basi, wakafika. Barabara kuu ilikuwa imewashiwa taa za rangi mchana kweupe, kila duka na mti wake wa plastiki, na mbele ya benki Baba Krismasi mmoja mwembamba amekaa kwenye kiti anajipepea kwa ndevu zake. Fundi hakuangalia chochote. Alimshika mkewe mkono akampitisha moja kwa moja hadi nyumba ya saba. Wakakuta mwongoza wageni amesimama mlangoni na kundi lake.

"Nyumba hii haijaguswa tangu ijengwe, miaka mia mbili iliyopita," kijana alikuwa akieleza. "Lipu mnayoiona ni ya mafundi wa kale. Siku hizi hakuna anayeiweza."

Fundi alikuwa amesifiwa na kuzikwa kwa pumzi moja.

"Njia ya mwongo fupi, baba watoto," mkewe akasema taratibu. "Yako basi moja tu."

"Ripu hii yangu."

"Ya marehemu. Si umesikia?" Akauweka mkoba begani, akageuka kurudi stendi. Fundi akajua kwamba akifika stendi hajaamini, hataamini tena mpaka wazikane.

"Na sasa," kijana akaendelea, "tazameni juu ya mlango. Hazina yenyewe ile."

Wageni wakainua simu. Juu ya mlango, kwa herufi za chokaa zilizochongoka vizuri, paliandikwa: MGENI KARIBU, UKIINGIA FUNGA MRANGO. Wakati ule wa ukarabati maandishi ya mwanzo yalikuwa yamebomoka, msimamizi akamtajia fundi maneno kwa mdomo, fundi akayaandika kwa namna yake.

"Mrango," kijana akalitamka kwa heshima. "Kiswahili cha kale kabisa hicho. Wataalamu wamekuja kulipiga picha neno hili. Hakuna mtu aliye hai anayeandika hivi."

Mkewe fundi akasimama. Akarudi. Akasoma kuanzia mwanzo, kidole hewani, akafika kwenye ile R yenye mguu mrefu anayoiona kila asubuhi akichemsha chai.

"Mwanangu," akamwuliza kijana, "huyo fundi wa kale alifuga kuku?"

"Historia haisemi, mama."

"Alifuga."

Fundi alikuwa bado anawashangaa wale wenye simu. "Wanapiga picha ya nini?" akanong'ona. "Kwani mrango una nini?"

Mkewe aliona aibu mpaka masikio yakamwasha, na ndani ya aibu hiyo akafurahi kama hajawahi kufurahi tangu watoto walipokuwa wadogo. Wakarudi kwenye basi, mkewe amemshika mkono, jambo ambalo fundi hakulielewa na hakuthubutu kuliuliza.

Njiani mkewe akasema, "Huko ulikokuwa."

Fundi akajikaza kama kawaida yake.

"Ulikuwa unalala wapi?"

Miaka ishirini na miwili, hakuwahi kumwuliza.

"Chini ya turubai," fundi akasema. "Nirikuwa narara na ngazi, isiibwe."

Mkewe akapangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Haya," akasema. "Ngazi nimeisamehe."