Msimu Mama Alipozima Joto

Enzi zetu kule Kericho, joto halikuletwa na lori. Wewe uliyekulia kwenye kambi za chai unanielewa. Mvua ilinyesha kila alasiri kama iliyoajiriwa na kampuni, ukungu ukaingia mpaka uvunguni mwa kitanda, na mtoto aliyetaka joto ilibidi alifuate mwenyewe kwa miguu yake. Baba yangu alikuwa Mluhya, karani wa kupima majani. Mama ni Mkikuyu, na alikuwa mchuma chai. Hawakuwahi kuafikiana ni lugha gani itumike kuwafokea watoto, kwa hiyo tulifokewa kwa Kiswahili, na hicho ndicho kikawa cha nyumbani.

Tukitoka shule tulikimbilia kiwandani, upande wa nyuma, ambako ukuta wa boila ulikuwa na moto kutwa nzima. Tulijipanga hapo migongo ukutani, sweta zikifuka mvuke, tukinyonya maziwa ya bure ya shule, yale ya pakiti za pembe tatu. Askari wa lango alitufukuza. Tulizunguka kiwanda tukarudi, naye akatufukuza tena, na nadhani naye alikuwa anapasha miguu. Tukikosa ukuta, basi ni mchezo wa kati, wa kurushiana mpira, au blada, ile kamba ya mpira ya kuruka, au kusukuma rimu ya baiskeli mpaka jasho litoke. Magoti yetu yalipasuka kwa baridi hata mafuta ya mgando hayakuyaziba. Ijumaa kila mtoto alipeleka shuleni kuni moja ya kupikia uji, na mwalimu wa zamu alisimama langoni akizikagua. Ukileta kijiti chembamba unarudishwa nyumbani ukalete kuni.

Kuni za kweli tulizipata chai ilipokatwa. Kila baada ya miaka michache mashina yalipunguzwa, na wake na watoto wa kambini tuliruhusiwa kuokota matawi. Mti wa chai ni mgumu, mwembamba, unachubua mikono vibaya, lakini ukishika moto hauachi upesi. Mama alijitwisha mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, sisi tukamfuata na vitita vyetu. Viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu ya kuni hizo sijapata kuvila tena mahali popote, na nimejaribu.

Jioni ilikuwa zamu ya jiko la makaa. Hili lilikuwa na utaratibu wake, na mama hakukubali ukiukwe. Jiko liliwashwa nje kwenye upepo. Hakuna aliyeruhusiwa kuliingiza mpaka moshi uishe kabisa na makaa yawe mekundu hadi chini. Ndipo mama alipolibeba kwa matambara mawili, akaliweka katikati ya chumba chetu kimoja, akaacha mlango wazi kiasi cha kiganja. Kabla hatujalala alilitoa. Tulikuwa watoto watano tumelizunguka, magoti yakigongana, na yeye aliketi karibu na mlango. Tukimwambia asogee alijibu kwamba ameshaota moto wa kutosha huko jikoni, tusogee sisi. Tulisogea, kwani mtoto anajua nini?

Sasa nisikilize habari za huku. Ninaishi ng'ambo, mjini Laurel, katika nyumba ya zamani tuliyoinunua mimi na mume wangu kwa sababu ilikuwa na mti wa tufaha na hatukuuliza inapashwaje joto. Inapashwa kwa mafuta. Chini ya nyumba kuna tangi kubwa na mashine inayonguruma kila inapowaka, ukutani kuna kidude cha kuongeza na kupunguza, na majira ya baridi lori linakuja, dereva anaburuta mpira wake mpaka ubavuni mwa nyumba na kujaza. Watoto wangu wamekua wakidhani joto ni sehemu ya ukuta. Binti yangu Nekesa, ambaye ana miaka kumi na mitano, hutembea Januari miguu mitupu na fulana isiyo na mikono, kisha analalamika kwamba nyumba ni baridi. Nikimwambia avae sweta ananitazama kama niliyemwambia aende kuchota maji mtoni.

Mama alikuja kwetu mwezi wa tisa, mwaka mmoja baada ya kumzika baba. Makaratasi ya kumruhusu kukaa yalikuwa tayari. Tulikubaliana na mdogo wangu Rose, aliyebaki Nakuru, kwamba mama aonje msimu mmoja wa baridi kisha aamue mwenyewe: abaki kwangu au arudi kwa Rose. Nilitaka abaki, na sioni aibu kusema nilitaka sana. Nilikuwa nimeishi mbali naye miaka kumi na minane, na kazi yangu hapa, katika kituo kimoja cha wazee kule Adelphi, ni kuwaosha, kuwafunika na kuwanywesha chai mama za watu. Nilitamani zamu ya wangu.

Alikuja na mahindi makavu, na majani ya chai, na jiko dogo la makaa, lile la bati nje na udongo ndani, amelifunga kwa leso mbili katikati ya nguo. Afisa wa uwanja wa ndege alilifungua, akaligeuza mara tatu, akamrudishia. Tulilicheka sana jiko hilo. Tukalichomea nyama uani siku za mwisho za joto, kisha likawekwa barazani na gunia la makaa yaliyobaki.

Msimu huo mafuta yalipanda bei vibaya. Nilipiga simu kuagiza, nikadhani yule msichana amekosea kusoma. Basi tukafanya kama kila mtu. Tulishusha kidude cha ukutani, tukafunga vyumba visivyotumika, mume wangu akabandika plastiki kwenye madirisha yote na kuziba kila ufa alioupata. Mimi nikamfundisha mama kukunja taulo na kuliweka chini ya mlango wa chumba chake. Alilipenda jambo hilo. Alisema hata huku kumbe watu wanajua kubana.

Tukaanza pia kutafuta njia nyingine. Nilifikiria jiko la kuni, moyo ukanienda mbio, nikampeleka mama kituo cha petroli nimwonyeshe kuni zinavyouzwa. Zilikuwa vipande sita vimevalishwa plastiki, na mpini wa kubebea. Mama alizishika, akazinusa, akauliza kama ni za mgonjwa. Mwishowe nikamwita Papa Amani, Mkongo tunayesali naye, ambaye kazi yake ni mashine za joto na baridi. Alishuka chini na tochi, akakaa huko kitambo, akapanda akitikisa kichwa.

"Mama, hii machine iko muzee," akaniambia. "Inakunywa mazutu sana. Weka ile ya courant. Inakamata joto ya inje, inaiingiza mu nyumba."

Mazutu ndiyo haya mafuta, na courant ni umeme, kwa lugha ya kwao. Nikamuuliza joto gani la nje, na theluji ile imelala mpaka kwenye ngazi. Akacheka, akasema swali hilohilo alimuuliza mwalimu wake. Hewa hata ikiwa ya baridi ina joto ndani yake, na mashine inajua kulikamua. Nikamwambia tutafikiri. Nilisema hivyo kwa kuwa niliogopa gharama, na pia nilidhani tuna muda.

Muda hatukuwa nao. Wiki hiyohiyo mama aliniambia anataka kurudi. Alikuwa amevaa koti lake jikoni, anachambua maharagwe. Alitaja kanisa lake, alitaja kaburi la baba linalohitaji kupaliliwa. Nilimuuliza kama ni baridi, akasema yeye hasikii baridi, amezaliwa kwenye baridi. Niliumia. Rose aliponipigia simu kusema ameanza kuulizia tiketi, nilimjibu kwa ukali, na Rose hakuwa na kosa.

Jumanne moja mvua ilinyesha ikawa inaganda barabarani, tukaruhusiwa kutoka kazini mapema. Nilifika nyumbani saa sita mchana. Nyumba ilikuwa baridi kuliko nilivyoiacha. Nikaenda kwenye kidude cha ukutani, nikakuta kimezimwa kabisa. Nikamwita mama, akaitikia taratibu kutoka chumbani kwake. Nilisukuma mlango, ukakataa kidogo kwa sababu ya taulo.

Jiko lilikuwa katikati ya chumba, makaa mekundu hadi chini, hakuna hata uzi wa moshi. Utaratibu wote aliufuata. Aliliwasha barazani, akangoja, akalibeba kwa matambara mawili. Alichosahau, au alichokuwa hajui, ni kwamba ile nyumba yetu ya Kericho ilivuja pande zote, na hii tulikuwa tumeiziba sisi wenyewe kwa mikono yetu. Alikuwa ameketi kitandani. Alisema kichwa kinamuuma kidogo, pengine amechelewa chai.

Kazini tumefundishwa dalili hizo za sumu ya makaa. Nilimkokota nje alivyo, nikamfunika blanketi barazani, nikapiga simu ya dharura, kisha nikavuta pumzi, nikakimbia ndani kulitoa jiko na kuchana plastiki madirishani. Gari la wagonjwa lilikuja na utelezi ule. Walimwekea hewa puani, wakampeleka hospitali, wakampima damu, na baada ya saa chache daktari akasema tumewahi.

Tulikaa bega kwa bega, mimi na mama, tukimngoja mume wangu aje kutuchukua. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeogopa. Nilimuuliza kwa nini alizima joto. Kwanza alitazama viatu vyake.

"Hiyo mashine ya huko chini ikianza kunguruma, moyo yangu inaruka," akasema. "Najua ni jasho yako inachomeka. Nikawa naizima mkienda kazi. Naiwasha saa tisa, kabla mtoto hajatoka shule."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mliposema mafuta imepanda."

Yaani wiki sita. Wiki sita nilikuwa nafunika mama za watu kule Adelphi, na wangu ameketi Laurel amevaa koti, peke yake, akingoja saa tisa. Ndipo nikakumbuka mahali alipokuwa anaketi zamani, kwenye ule mlango ulioachwa wazi, upepo wote ukiingilia mgongoni kwake. Nikaelewa kwamba hakuwa ameota moto wowote jikoni. Nina miaka arobaini na saba na nililia mbele ya watu kama mtoto. Mama alinifuta na ncha ya kitambaa chake, akaniambia nisilie, watu watadhani kuna msiba.

Kesho yake nilimpigia Papa Amani. Tulikopa, ndiyo, na sitaki kuongea habari hiyo. Alikuja na mwenzake, wakatoboa ukuta, wakaning'iniza kisanduku cheupe sebuleni na kingine chumbani kwa mama. Lile tangi limebaki kwa siku za baridi kali. Mashine ilipowashwa mama alitega sikio, akangoja, akasema haifanyi kazi. Papa Amani akamshika mkono, akauinua kwenye hewa iliyokuwa inatoka. Mama akauliza inakula nini. Papa Amani akanitazama mimi, kisha akamwambia inakula hewa tu. Niliwaacha hivyohivyo, sikutaja umeme, na mpaka leo barua za umeme nazichukua mwenyewe sandukuni.

Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikamkuta sebuleni bila koti na bila sweta, amevaa blauzi ya mikono mifupi. Nilisimama mlangoni. Mikono ya mama yangu sikuwa nimeiona tangu baridi ianze. Nekesa, ambaye siku nyingine hujifungia juu na simu yake, alikuwa ameketi sakafuni karibu naye, ameushika mkono mmoja, akipitisha kidole kwenye makovu.

"Shosho, what happened here?"

Mama alimjibu kwa Kiswahili, kwa maana msichana anaelewa hata kama ulimi wake umeamua vingine. "Hii ni sufuria ya uji, mama yako akiwa na homa. Hii ni jiko, nalitoa nje usiku, upepo ikarusha makaa. Hii ya hapa, mjomba wako aliteleza, nikamdaka juu ya moto." Akaugeuza mkono upande wa pili, ambako kulikuwa na mengi, akayatazama. "Hizi zingine sijui. Ni zenu nyote."

Nekesa aliendelea kuyagusa moja moja. Mama akainua macho akaniona nimesimama na funguo mkononi, akaniambia nimwambie Rose asihangaike tena na tiketi.

Enzi zetu joto lilikuwa na mtu nyuma yake. Liliokotwa, likabebwa mgongoni, likapulizwa, na lilimwachia alama aliyelileta, hata miaka arobaini baadaye mjukuu anaweza kuzihesabu kwa kidole. Mimi nimewapasha wanangu joto maisha yao yote kwa kubonyeza kidude, na ngozi yangu ni safi. Nashukuru, wala sitamani Nekesa aungue ili ajue kwamba alipendwa. Lakini nilipovua koti na kukunja mikono ya sare yangu ya kazi, niliitazama mikono yangu laini, nikaona wivu kidogo. Kisha nikaketi upande wa pili wa mama, nikauchukua mkono uliokuwa umebaki.