Kitambaa cheupe mlangoni: tulivyomsifia mgonjwa kwa kufunga

Habari za mihangaiko wakuu. Sehemu kubwa ya upumbavu uliomo humu ni wangu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuwadanganya.

Mwaka juzi vijana watano wa kanisa letu tulipanga nyumba moja Kibaha. Plan ilikuwa kuishi imani, siyo kuisikiliza Jumapili tu. Chungu kimoja, sala alfajiri, na kila Jumamosi huduma Kisarawe kwa Bi Zuhura, bibi Mwislamu anayeishi peke yake. Tulimchotea maji na kumpalilia mihogo.

Nyumba ilikuwa na chumba kidogo cha maombi. Anayefunga anaingia humo, anazima simu, anatundika kitambaa cheupe mlangoni. Kikiwepo kitambaa, hakuna kugonga wala kuongea naye.

Sheria hiyo niliitunga mimi. Mnisamehe.

Alhamisi moja mwenzetu Elia akaingia humo. Alisema anafunga siku moja.

Ijumaa kitambaa bado kipo. Tukasema kaongeza.

Jioni tukamsikia anaguna. Mmoja wetu akanong'ona, "Jamaa yuko deep." Tukaenda kula ugali wetu kwa heshima.

Nikiri jambo: nilimwonea wivu. Rekodi yangu ilikuwa siku moja na nusu, na siku ya pili nilikula karanga.

Jumamosi tukaenda Kisarawe wanne.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Yule mrefu yuko wapi?"

"Amefunga, bibi. Leo siku ya tatu." Nilisema kwa kujidai, kama vile nimefunga mimi.

"Jana alifuturu na nani?"

Nikamweleza kwamba sisi hatufuturu, tunaunganisha siku bila kula.

"Sawa. Nani kamwona kwa macho?"

Nikaanza kueleza habari za kitambaa. Hata kwangu mwenyewe ilisikika vibaya.

Bi Zuhura akachukua ndoo mikononi mwangu, akaiweka chini.

"Maji yangu nitachota. Nendeni mkamtazame mwenzenu."

Tukageuza kurudi Kibaha. Niliogopa sana wakuu, sikuwahi kuogopa vile.

Elia alikuwa sakafuni, anawaka moto, midomo imepasuka. Homa ilimkamata usiku wa Alhamisi, akashindwa hata kufika mlangoni. Chupa yake ya maji ilikuwa tupu.

Hospitali wakasema malaria kali. Daktari akauliza nani anaishi na mgonjwa. Tukanyoosha mikono wote wanne. Akaendelea kuandika.

Elia alipona. Ila siku ya pili wodini, akiwa na dripu mkononi, aliniambia kitu kimoja tu:

"Nilikuwa nawasikia mnapita."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningelala vizuri.

Bado tunaishi pamoja. Kitambaa sasa tunafutia meza. Kisarawe bado tunakwenda, na Bi Zuhura hapokei salamu kabla hajatuhesabu.

Nilichojifunza: tulivuka wilaya kwenda kumjali mtu, na mlango uliokuwa hatua nne kutoka mezani hatukuugonga.

Mnaoishi kijumuiya, tupeni uzoefu. Wa kunitukana nao waje, ila kwanza kamgongee jirani yako wa chumba ambaye hujamwona tangu juzi.