Magari ya Kugongana

Mume wangu ndiye aliyeleta habari ya michezo ile mezani, na kabla sahani hazijaondolewa sote wanne tulikuwa tumeshakasirikiana.

Alikuwa karani wa duane, ofisi ya ushuru wa forodha, huko mpakani Kavimvira, na habari za ng'ambo zilimfikia kabla ya kufika mjini. Wazungu fulani, alisema, wamesimamisha uwanja wa michezo Usumbura: farasi wa mbao wanaozunguka, gurudumu kubwa lenye viti, na magari madogo ya umeme ambayo watu wanayagonganisha kwa makusudi. Sisi upande wa Kongo tulikuwa tumeshapata uhuru. Ng'ambo ya mto Ruzizi, huko Burundi, Wabelgiji walikuwa bado wanatawala.

"Siku ya Mungu tutaenda," alisema. "Kila mutu aseme anataka kupanda nini."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Watoto hawakuwa wangu. Mvulana alikuwa na miaka kumi na sita, dada yake kumi na minne. Mama yao alikuwa kaburini, na mimi nilikuwa nimekalia kiti chake. Walitakiwa waniite mama mudogo; waliniita weye. Chungu nilichokiosha, msichana alikiosha tena mbele yangu, polepole, nikitazama. Mvulana alinisemesha Kifaransa akijua kwamba sikukisoma, na niliponyamaza alimwambia dada yake, "Iko kiziwi."

Basi mvulana akasema anataka magari.

"Hapana," baba yake akasema. "Ile ni mambo ya fujo."

"Ulisema tuchague."

"Nilisema museme. Kuchagua ni kazi yangu."

Msichana alisema anataka gurudumu, apande mpaka juu kabisa, aone Uvira ilivyo ndogo. Baba yake akajibu kwamba gurudumu linapandisha sketi za wasichana. Tutapanda farasi, wote, kwa heshima. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza ningependa nini, kwa sauti ya upole ambayo watoto hawakupewa, na nikaona nyuso zao zikikunjamana.

"Minye nitashika mizigo," nikasema.

"Afazali," msichana akasema. "Angalau iko na kazi."

Wiki nzima nyumba yetu ya mtaa wa Songo, Uvira, haikutulia. Mvulana alibishana asubuhi na kubishana jioni. Wakati huo alikuwa ameanza kwenda kwenye mikutano ya vijana wa chama cha siasa, na alirudi na maneno mapya ambayo aliyajaribu kwa baba yake. Mume wangu hakuwa mtu wa kujibu maneno. Alijibu kwa kunyima: alimnyima chakula, akamnyima ruhusa ya kwenda ufukoni. Ilipofika Jumamosi nilitamani waseme safari imekufa. Lakini kwake kughairi kulikuwa kushindwa.

Jumapili tulipanda kamio, lori la wachuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani. Mume wangu alikaa mbele na dereva, amevaa koti na kofia yake ya kijivu. Sisi watatu tulikaa juu ya magunia. Mvulana alikuwa amebandika beji ya chama kifuani. Kabla ya mpaka baba yake alishuka, akaja nyuma na kunyoosha mkono bila kusema neno. Mvulana akaitoa beji, akaitia mfukoni mwake mwenyewe, na tulipokwisha kuvuka mpaka akaibandika tena. Dada yake alicheka. Mimi niligeuka kutazama barabara, kwa kuwa lolote nililosema humo ndani ya familia lilihesabiwa kuwa la upande fulani.

Uwanja ulikuwa na vumbi na muziki mkali. Watu wengi walikuwa Wazungu na Wahindi. Weusi walisimama pembeni wakitazama, na wachache walipanda. Mume wangu alimwendea Mzungu mmoja kijana aliyesimama na sigara mdomoni karibu na magari. Nadhani alitaka tu kuuliza tike zinauzwa wapi. Yule kijana hakumwacha amalize. Alionyesha kwa kidole upande wa farasi na kusema kwa Kiswahili chake kibovu, "Nyinyi, kule."

Mume wangu alivua kofia, akasema, "Merci, Monsieur."

Kosa lilikuwa ile kofia. Maneno mvulana angeweza kuyasamehe, lakini alimwona baba yake, karani ambaye nyumbani alimfanya kila mtu anyamaze, amesimama kichwa wazi mbele ya kijana anayemzidi mwanawe miaka michache tu.

Tike za farasi zilinunuliwa. Mvulana alikataa kupanda. Alisimama ametugeuzia mgongo, mikono kifuani. Sisi tukapanda, maana hata mizigo niliambiwa niiweke chini. Mume wangu alikaa juu ya farasi mweupe mwenye meno mekundu, magoti yamepanda karibu na kidevu, kofia mapajani, akatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kazi. Tulizunguka. Kila tulipopita, mgongo wa mvulana ulikuwa pale pale. Msichana, kwenye farasi wa nyuma yangu, alikuwa analia kwa hasira na kujipangusa kwa mkono wa gauni.

Tuliposhuka mvulana aligeuka.

"Baba, hii njo uhuru yetu? Farasi ya watoto?"

Mume wangu alimpiga kofi. Lilisikika. Watu waliokuwa wanatazama farasi wakaanza kututazama sisi.

Ndipo msichana alipoondoka. Sikumwona anakwenda, nilimwona tu akiwa amekwisha kufika kwenye kibanda cha tike za magari, amesimama wima, anaongea Kifaransa cha masista wake wa shule. Mama wa Kizungu aliyekuwa ndani hakuinua hata kichwa. Alipokea akiba ya msichana, akamkatia tike nne. Msichana akarudi na kumpa kaka yake moja, baba yake moja, na mbili akabaki nazo.

"Hawakukatala," akamwambia baba yake. "Hakuna mutu alikatala."

Mume wangu aliitazama ile tike muda mrefu. Angeweza kuichana. Lakini watu walikuwa wanatazama, na shavu la mvulana lilikuwa bado limevimba, na tike zilikuwa zimekatwa na mtoto wa kike bila kuvua chochote kichwani. Akavaa kofia yake, akaingia.

Magari yale yalikuwa na fimbo ndefu nyuma iliyogusa wavu wa juu na kutoa cheche. Mvulana alikaa peke yake katika jekundu. Mume wangu alikaa peke yake. Mimi na msichana tuliingia moja. Yeye akashika usukani bila kuniuliza.

Umeme ulipokuja, mvulana hakuzunguka kama wengine. Alimwendea baba yake moja kwa moja na kumgonga ubavuni. Mume wangu alicheka kidogo, kwa ajili ya watu. Mvulana akarudi nyuma, akamgonga tena. Kofia ikaanguka, gari la mtoto wa Kizungu likaikanyaga. Mara ya tatu alikuja kutoka mbali, na mdomo wa mume wangu ulipiga usukani. Nikaona damu kwenye kola. Yule kijana wa sigara alikuwa anacheka, amejiinamia, na watoto wawili wa Kizungu wakaona ndio mchezo wenyewe, nao wakaanza kumgonga.

"Pita katikati yao," nikamwambia msichana.

"Usinitume."

"Pita katikati. Atamuua."

Sijui kama alinisikia mimi au aliona mwenyewe. Alikata usukani na tukaingia kati wakati kaka yake anakuja mara ya nne. Alitugonga sisi. Goti langu lilipiga bati, na msichana akanishika mkono kwa nguvu, kisha akauachia kama umemuunguza. Uso wa mvulana ulikuwa karibu kabisa na wangu. Hakuwa na furaha hata kidogo. Alisema, "Weye tena," na umeme ukakatika, muda ukawa umekwisha.

Njiani kurudi mume wangu hakukaa mbele na dereva; alikaa nasi juu ya magunia, akitema damu kwenye kitambaa. Tulipofika Songo, mlangoni, alimwambia mwanawe, "Usikalie tena meza yangu." Mvulana hakukaa. Asubuhi alikuwa ameondoka kwenda kwa mjomba wake huko Kamanyola, na hatukumwona tena mpaka vita.

Miaka michache baadaye waasi waliopigana na serikali walipoingia Uvira, waliwatafuta makarani na kila aliyefanya kazi ya serikali. Majirani wengi walikuwa wamekimbilia Burundi. Mume wangu alikataa, kama alivyokataa kila kitu. Siku moja mchana walikuja watu watatu uani kwetu, majani yamefungwa vichwani, na mmoja wao alikuwa mvulana, sasa mwanaume, ndevu zimeota. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Msichana alisimama mlangoni.

"Muzee iko wapi?" akaniuliza, kana kwamba hajui nyumba.

Mume wangu akatoka mwenyewe.

Mvulana alimtazama, kisha akawaambia wenzake, "Huyu tumwache. Alikuwa anafagia tu ndani ya biro, ofisini. Hajui hata kusoma."

Nilielewa anachofanya. Msichana pia alielewa. Nilisikia pumzi yake. Wale wawili walianza kugeuka. Mume wangu akafunga vifungo vya shati lake, kimoja kimoja.

"Mimi ni karani," akasema. "Karani wa duane. Niliandika miaka kumi na saba, na huyu nilimusomesha kwa ile mushahara."

Wakamchukua. Mvulana alitembea nyuma yao, na alipopita karibu nami alisema akiwa amekaza meno, "Umeona? Umeona vile iko?"

Hawakumuua. Walihitaji mtu wa kuwaandikia vibali vya njia, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, kwa hiyo walimfungia katika ghala moja mtaa wa Kimanga na kumwandikisha kutwa. Kila siku mimi na msichana tulimpelekea chakula. Siku moja aliyelinda mlango alikuwa mvulana. Alifunua chungu, akatoa samaki kwa vidole na kumla mbele yetu, taratibu, mpaka mifupa. Kisha akasogea tupite. Dada yake alimtemea mate miguuni. Ndani, mume wangu alitazama chungu na kuuliza nani amekula.

"Mulinzi," msichana akajibu kabla yangu.

Jeshi la serikali liliporudi, waasi walipanda milimani na mvulana pamoja nao. Mume wangu alirudi nyumbani amekonda, akalala siku nyingi, akarudi kazini. Askari walimhoji juu ya vile vibali, akawajibu kwa ukali hadi wakachoka.

Miaka mingine ilipita kabla ya mvulana kuja tena. Alikuja mchana wa Jumapili, viatu vimepasuka, akasimama uani. Mume wangu alikuwa kwenye kiti.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kusalimia."

"Umesalimia." Akainuka, akaingia ndani na kurudisha mlango.

Mvulana akanigeukia. "Weye njo ulimufundisha hivi?"

"Muliyajua haya kabla minye sijafika," nikamjibu.

Nilifunga samaki na bugali katika majani na kumpa, kwa sababu alikuwa na njaa na mtu yeyote angeiona. Aliuchukua mfuko ule wa majani bila kusema asante, nami sikuingoja. Akateremka kuelekea bandarini, kwenye mashua za kwenda kusini, na mlango nyuma yangu haukufunguliwa mpaka jioni.