Kadi Nyekundu ya Kambo

Mwaka jana nilishuka treni Kamina baada ya miaka mingi. Nilijidai nakwenda moja kwa moja kwa dada yangu, kumbe miguu ilikuwa na safari yake. Ikanifikisha mahali palipokuwa kiwanja cha shefu wa mtaa wetu wa reli. Shefu hayupo, ua haupo, vijana wanauza vocha za simu. Nilicheka peke yangu pale, maana ndipo kambo, mama mzaa baba, alipotutia hofu na fahari kwa siku moja.

Wakati ule wa Zaire, rafiki yangu, chama kilikuwa kimoja, na kumpigia rais kura kulikuwa kuchagua kadi: kijani ndiyo, nyekundu hapana. Wiki nzima kabla ya kura mama zetu walivaa vitenge vya chama wakacheza kiwanjani, sisi watoto nyuma yao, vumbi mpaka kwenye meno. Nilipenda mno. Kambo hakucheza. Alikaa mlangoni akimenya mihogo, na ukimjua ungejua anawaza.

Alikuwa amechoka na pande zote. Chama kilimwahidi mashine ya kusaga tangu baba hajaoa, kikampa salongo, ile kazi ya bure ya kila Jumamosi, kufyeka barabara iliyopitiwa na magari ya wakubwa tu. Na wale waliokipinga redioni kutoka Ulaya aliwaona wakirudi na kupewa viti, wakipunga mikono ndani ya magari yale yale. "Hawa na bale, sahani yabo iko moja," alisema. Sasa nyekundu ingemletea nini?

Baba alikuwa karani wa stesheni, na nyumba yetu ya matofali ilikuwa ya kazi. Ukikosana na chama, nyumba huna. Siku ya kura, tukila bukari, ugali wetu, na samaki mkavu wa Bukama, alimwomba mama yake.

"Mama, kamata tu ya kijani. Fikiria batoto."

Kambo alinawa mikono polepole. "Nyumba iko yako, mwana wangu. Mukono iko yangu. Nani ataniletea mashine, minyi sijue. Lakini sikupata kintu, na siwezi kusema nilipata."

Akaenda, na mbele ya askari na majirani akachukua nyekundu, akaitia sandukuni.

Kesho yake shefu akatuita wote kiwanjani, akatangaza kwamba mtaa mzima, bila kukosa hata mtu mmoja, umechagua kijani. Watu wakashangilia. Kambo akapita katikati yao, akapiga magoti, akapiga makofi yale ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama Waluba tunavyomsalimu mkubwa. Mkubwa hawezi kuyaruka makofi hayo. Lazima ayaitikie, na akishaitikia lazima asikilize. Shefu akaitikia.

"Shefu, sikuye hapa kugombana na weye," kambo akasema. "Minyi nilitia nyekundu. Yangu iko wapi?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze, nikawa nawaza kitanda changu kitawekwa wapi. Ndipo baba akatoka kwenye safu ya watu wa reli, kofia mkononi, akapiga magoti kando ya mama yake, akapiga makofi naye.

Shefu akayaitikia na hayo. "Nimesikia, mama," akasema. Hesabu haikubadilika, ilikwisha kutumwa.

Mwezi haukuisha baba akahamishiwa Luena, vumbi la makaa ya mawe, vyumba viwili kwa watu tisa. Sikumsikia akilalamika. Wenyeji walipomuuliza kosa lake, alimwonyesha kambo kwa kidevu na kusema, "Huyu njo mama yangu," kama vile amejibu.

Mpaka leo natembea kifua mbele kwa ajili ya wale wawili. Shefu wa kuitikia makofi hatunaye tena. Vyama tunavyo vingi, na baada ya kila kura tunaambiana majumbani kwetu kwamba kura zimeibwa, tunasema tukiwa tumekaa. Sijamwona mtu aliyeinuka kwenda kuiulizia kura yake. Yangu nayo, mara mbili sasa, imepotea, na sikwenda kuiulizia.