Punje Sikioni mwa Bibi

Mkamwana wangu anapasha mawese kwenye kijiko, ayadondoshe katika sikio langu lililoziba kwa nta. Harufu ile inanirudisha kijijini Titye, jikoni kwa bibi yangu.

Bibi naye masikio yalimziba uzeeni. Kila mama yangu, mkamwana wake, alipoongea, bibi alifoka, "Unaninong'onea! Unanisema!" Mwishowe akaitwa mganga wa kunyonya. Aliweka pembe ya mbuzi sikioni, akanyonya, akatema punje ya maharage kiganjani.

"Hii umewekewa na mkamwana wako," akamwambia bibi kwa kelele. "Asipoondoka, hutasikia tena."

Mama akaanza kufungasha khanga zake, analia.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuchokonoa kila kitu. Niliichukua ile punje, nikainusa. Ilinuka tumbaku, na mganga alikuwa akitafuna tumbaku tangu afike. Nikaipeleka puani kwa bibi. Akanusa mara mbili.

"Wewe bwana, hebu panua kinywa," akamwambia mganga.

Mganga akabana midomo, akachukua pembe yake, akatoka bila kuaga.

Jioni mama akapasha mawese. Bibi akakitazama kijiko, akamtazama mama.

"Onja kwanza."

Mama akaonja, ndipo bibi akalaza kichwa. Siku ya tatu nta ikatoka.

Mimi nimetangatanga hadi uzeeni, nikarudi kukaa kwa mwanangu hapa Kasulu. Siku hizi humu ndani wanaongea chinichini mno.

"Lala upande, baba," mkamwana anapaza sauti, kijiko mkononi.

"Onja kwanza."