Chupa ya Maji ya Meza ya Tatu

Wenzangu tuliosoma wakati mmoja mtakumbuka: maabara ilikuwa chumba chenye kufuli, na kufuli lenyewe lilifunguliwa mtihani ukikaribia. Kemia tuliisoma kwa mdomo. Mwalimu anasimama mlangoni, fimbo kwapani, sisi tunaimba: "Naitreti zote zinayeyuka! Kloraidi zote zinayeyuka, isipokuwa ya fedha na ya risasi!" Ukikosea, magoti chini. Tukiuliza kwa nini, anacheka. "Ni jozi mbili za wanandoa zimekutana mnadani, zikabadilishana wenza. Fedha akimpata kloraidi hawaachani tena, wanazama pamoja, weupe kama uji." Tulielewa mara moja.

Bingwa wa darasa alikuwa rafiki yangu Mwanaidi. Tulitoka wote Unyambwa kwa miguu, tukitafuna mbegu za alizeti njia nzima. Wote tulitaka uuguzi, na bila kemia hakuna uuguzi. Baba yake alishamwambia wazi: "Ukifeli, usiniletee habari za kurudia. Wadogo zako nao wanataka shule."

Siku ya mtihani wa vitendo tulikaa meza ya tatu, watu wawili, chupa moja ya maji safi ya maabara. Katikati ya kazi nikaona chupa imebaki nusu. Sasa, kwetu msichana akiona chombo cha maji kimepungua anakijaza, hangoji kuambiwa. Ukikiacha mama atakusema mpaka jioni. Bila kufikiri nikachota kwenye ndoo ya kunawia iliyokuwa pembeni yangu, nikajaza. Jamani! Maji ya kisima chetu, yale ya chumvi ambayo hata chai yake hainyweki.

Tukayeyusha unga tuliopewa, tukadondosha silva naitreti, ile dawa ya fedha. Mashapo meupe, pale pale! Wote tukaandika kloraidi, Mwanaidi akafunika kalamu. Mimi nikasuuza tyubu yangu kwa maji ya chupa ile ile, na tone la dawa lililobaki ndani likafanya weupe tena, bila unga wowote. Kloraidi ilikuwa ya chumvi ya kisima, si ya unga.

Zimebaki dakika kumi. Nikakohoa kumshtua mwenzangu. Mwanaidi akainua macho, akatabasamu.

"Wewe! Macho kwenye karatasi yako!" msimamizi akafoka.

Ningesema tu kwamba nimeharibu maji ya meza nzima. Niliogopa watatufutia wote wawili. Nikanyoosha mkono, nikaomba maji mengine, sababu sikusema. Nikayeyusha unga upya, na safari hii tyubu ikabaki angavu. Nikafuta, nikaandika naitreti.

Nilifaulu. Mwanaidi alifeli kwa alama chache tu.

Leo mimi ni muuguzi, ninaishi Mandewa. Wanangu wanasoma kemia wamelala kochini, simu mkononi. Mchanganyiko ukiharibika wanarudisha video nyuma, wanacheka, kisha wanalia bando limeisha. Watoto wa siku hizi hata wakikosea hawatoki jasho! Sisi kosa lilikuwa moja, na maisha yakaendelea nalo.

Mwanaidi anawapikia madereva wa malori pale Shelui. Kila nikipita ananiongezea nyama, na kila mara anauliza, "Hivi mwenzangu, ule unga ulikuwa nini? Mbona mashapo niliyaona kwa macho yangu?"

Nami, mtu mzima na akili zangu, natafuna nyama yake na kumwambia nimesahau.