Sauti ya Mbuzi na Mwimbaji wa Uskoti

Kiongozi wetu wa kwaya alinifukuza mbele ya wenzangu wote, kwenye mazoezi, kanisani kwetu Umbilo. "Dada, sauti yako iko kama ya mbuzi. Inaharibu za wengine." Wakacheka. Nikatoka nikisema moyoni: utanihitaji tu, na siku hiyo utanitambua.

Ulikuwa mwaka ule wa vuvuzela, mpira wa dunia ulipochezwa kwetu. Katika duka la mitumba nilikuwa nimenunua CD ya mwimbaji wa kike wa Uskoti. Sauti yake nyembamba, kali, ikipanda inapasuka, na wala haombi radhi. Kijikaratasi cha ndani kilisema alianza kwa kuimba barabarani, kwenye baridi, baada ya kukataliwa kila mahali. Nilimpenda kama ndugu yangu. Saluni nilikokuwa nikisuka watu nikawa naipiga CD yake kutwa. Mteja wa rasta hana pa kukimbilia: nusu ya kichwa imesukwa, nusu iko wazi.

Siku moja akaketi kwenye kiti changu mdogo wake kiongozi wa kwaya, bibi harusi mtarajiwa. Nikamshauri misuko myembamba kuliko yote, ili akae sana. Nikaweka wimbo mmoja wa mapenzi wa Mskoti wangu. Ukiisha, narudia, nami naimba.

"Eish, dada, huyu mama ni nani?"

Nilipofika utosini alikuwa anaimba pamoja nami. "Nataka kuingia kanisani na huu. Na uimbe wewe." Sikumtuma. Mimi nilisuka tu.

Haikupita wiki, kaka yake akasimama mlangoni, saluni imejaa wanawake. Akaanza kunong'ona. Nikawasha draya.

"Sikusikii, kaka. Sema kwa nguvu."

"Naomba utuimbie kwenye harusi!" akapiga kelele. Wateja wote wakageuka. Utamu niliousikia siku hiyo siwezi kuueleza.

Harusini kiongozi alikaa kwenye kinanda, mimi mbele. Alikuwa ameniomba nishushe wimbo kidogo, nikakataa. Niliimba juu kabisa, pamoja na mipasuko yake yote, na mama zetu wakapiga vigelegele.

Baadaye akanifuata, mkono kifuani. "Dada, Jumapili urudi kwaya."

"Mbuzi na kwaya wapi na wapi?" nikamjibu.

Jumapili nilikwenda. Nikakaa benchi la mbele, mbele ya macho yake, kwaya ikaimba, nami nikafunga mdomo. Hamu ya kuimba nilikuwa nayo. Lakini hamu ya kumwona akiningoja ilikuwa kubwa zaidi.